Nimeikana Hoja ya Saba Mbele ya Profesa Wangu

Prussia Mashariki, Jumanne, tarehe 8 Machi 1785

Mheshimiwa Mama Mshauri wa gazeti letu la Jumamosi,

Nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sina hakika kama ninaruhusiwa kuwa nayo, na kwa sababu hiyo naomba msaada wako, kwa maana tangu Jumamosi iliyopita nimekuwa nikitembea mjini nikijihisi mwepesi kama mtu aliyevuliwa koti lililolowa mvua, ilhali ningepaswa kuwa nimejifungia chumbani nikilia, kwani huenda nimekwisha kuipoteza shahada yangu ya umahiri, na pamoja nayo nafasi ya mwalimu wa pili katika shule ya Kilatini ambayo niliahidiwa baada ya Pasaka.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, mwana wa fundi matandiko ya farasi kutoka Tilsit, na nimesoma teolojia na falsafa kwa miaka mitano katika chuo cha hapa, ambako, bila kujisifu kupita kiasi, nilihesabiwa miongoni mwa wanafunzi wachache wenye Kilatini kisicho na doa. Kabla sijaendelea lazima niungame jambo ambalo kila mtu chuoni analijua na hakuna anayelitamka nje ya lango lake: tasnifu iliyochapwa kwa jina langu sikuiandika mimi. Aliiandika Mheshimiwa Profesa, kama ilivyo desturi, nami kazi yangu ilikuwa kuikariri na kuitetea hadharani nikiwa nimesimama kwenye mimbari ya chini, huku yeye ameketi kwenye mimbari ya juu, juu kabisa ya kichwa changu, tayari kuninong'oneza endapo ningekwama. Tasnifu hiyo inahusu wajibu wa wazazi, ina hoja kumi na mbili, na hoja ya saba inasema kwamba mzazi Mkristo haruhusiwi kumpeleka mtoto mzima wa afya akachanjwe ndui, yaani atiwe chini ya ngozi usaha kidogo wa ndui hafifu ili asiugue ile kali, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumtangulia Mungu katika mipango yake.

Sasa, Mama Mshauri, hapa ndipo aibu yangu ilipo, maana hoja hiyo haikukaa kitabuni tu. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Mama Kallweit, mwenye binti wa miaka minne aitwaye Urte na mtoto mchanga bado mikononi, na katika miezi ya baridi mjane huyo aliniuliza mara tatu, tena kwa heshima, akisema, "Bwana Msomi, wewe uliyesoma, hebu niambie, nimpeleke Urte akachanjwe au nisimpeleke?" Mara ya kwanza nilimjibu kwamba suala hilo ni zito. Mara ya pili nilimjibu kwamba wanazuoni hawajaafikiana. Mara ya tatu, kwa kuwa nilikuwa na haraka na kwa kuwa sikujua la kusema, nilimsomea hoja ya saba kwa Kilatini, naye akainamisha kichwa, akanishukuru, asiniulize tena, nami nikadhani, Mungu anisamehe, kwamba nimemwelimisha. Wiki chache baadaye ndui ikaingia katika mtaa wa watengeneza mapipa, nikahesabu kwa macho yangu majeneza manne madogo yakipita chini ya dirisha langu kwa muda wa siku tisa, na nikaambiwa Urte ameondoka kwenda kwa shangazi yake nje ya mji kusaidia kulisha bata, nami nikajua, au nilidhani najua, kwamba mama yake amemkimbizia huko kwa sababu mimi nilimfungia mlango mwingine, ule wa chanjo.

Kwa hali hiyo niliingia ukumbini Jumamosi. Mambo yalianza vizuri, kwa kuwa wapinzani wangu wawili walikuwa rafiki zangu na maswali yao niliwaandikia mwenyewe, kama kila mtahiniwa afanyavyo; rafiki yangu Wiebe alipoteza karatasi akaniuliza swali la pili kwa mara ya pili, nami nikamjibu kwa jibu la swali la tatu, na maprofesa wote wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha ukumbi ukafunguliwa kwa yeyote atakaye kuuliza, jambo ambalo kwa kawaida halimsimamishi mtu kwa kuwa wote wanafikiria chakula cha mchana, lakini safari hii akasimama Bwana Pohl, daktari mstaafu wa meli, mwenye mguu mmoja usiokunjika, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na upepo:

"Kijana, Kilatini changu kilizama pamoja na sanduku langu mwaka sitini na mbili, kwa hiyo utanisamehe nikiuliza kwa lugha ya mama yangu. Kuna mtoto unayemjua kwa jina ambaye bado hajaugua ndui?"

"Yupo, bwana."

"Anaitwaje?"

"Urte."

"Mama yake akikufuata leo akakuuliza amchanje au asimchanje, utamwambia nini?"

"Hoja ya saba inaeleza kwamba..."

"Hoja sikuiuliza. Hoja haijawahi kuuguza mtoto. Nimekuuliza wewe."

Nikasikia pete ya Mheshimiwa Profesa ikigonga ubao juu ya kichwa changu, na sauti yake ikininong'oneza, "Rudi kwenye hoja, rudi kwenye hoja," nami nikafungua kinywa ili nirudi, nikaona majeneza yale manne, nikaona uso wa Mama Kallweit ulioinama, na nikasikia mtu akisema kwa sauti yangu, "Ningemwambia ampeleke."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu katika majeneza niliyoyaona hapakuwa na hata moja la mtoto aliyechanjwa. Na kwa sababu hoja ya saba sijawahi kuiamini. Niliikariri tu."

"Rudia, ndugu, huku nyuma hatujasikia!" mwanafunzi mmoja akapaza sauti, ukumbi mzima ukaangua kicheko, Profesa akafunga kitabu chake, na mdahalo wangu, Mama Mshauri, ukaishia hapo.

Sikwenda kula. Nilikimbia mpaka nyumbani na joho langu la kuazima likipeperuka nyuma, nikamkuta Mama Kallweit mezani akiparua samaki, nikamwambia nikiwa nahema, "Mama Kallweit, nilikupotosha. Mpeleke Urte kwa daktari. Mpeleke leo, ikiwezekana."

"Kachanjwa wiki tatu zilizopita," akasema bila kuinua kisu. "Futa viatu, Bwana Msomi, sakafu nimeipiga deki sasa hivi."

"Lakini ulisema yuko kwa shangazi yake, analisha bata!"

"Yuko kwa shangazi yake. Ulitaka nimlaze humu akiwa na vipele, akamwambukize mdogo wake? Au akuambukize wewe, ufe na Kilatini chako chote? Na bata wapo. Analisha."

"Hali yake?"

"Vipele tisa. Vimekauka. Anakula kuliko wewe."

Nilikaa kwenye benchi. Nikamuuliza, ikiwa alikuwa na mpango wake, kwa nini aliniuliza mimi mara tatu?

"Nilikuuliza kwa sababu sikujua. Ukanijibu kwa lugha ya kanisani. Nikasema moyoni, masikini, huyu naye hajui, tena anaona aibu kusema hajui. Basi nikaenda soko la samaki, nikawauliza wanawake waliochanja watoto wao, nikawauliza na wale waliokataa. Wa kwanza niliwakuta kumi na mmoja. Mmoja mtoto wake aliumwa vibaya, hakunificha. Kumi hawakuumwa hata wiki. Wale wengine sitaki kukusimulia. Halafu nikaenda kwa Bwana Pohl."

"Bwana Pohl! Kumbe alimjua Urte!"

"Si ndiye aliyemchanja?"

"Hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka nikatapika. Nikaenda hivyo hivyo. Unalia nini sasa? Hebu nishikie huyu samaki."

Nami nikamshika yule samaki, Mama Mshauri, nikacheka na kulia kwa pamoja, na tangu saa ile ndipo wepesi huu ulipoanza.

Lakini jana Jumatatu Mheshimiwa Profesa aliniita nyumbani kwake, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa alinikaribisha kiti akasema kwa upole, "Mwanangu, jiko la kuotea moto la ukumbi ule limewahi kuwaangusha vijana wenye nguvu kuliko wewe." Kisha akanisogezea karatasi aliyokwisha kuiandika, inayosema kwamba maneno niliyoyatamka hayakuwa yangu bali yalitokana na joto la jiko na tumbo lililokuwa tupu. Ninatakiwa kuitia sahihi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. "Tia sahihi, na chuo kitasahau," akasema. Nikauliza, "Na nisipotia?" Akajibu kwa huzuni ya kweli, "Basi chuo kitakumbuka." Asubuhi ile ya mdahalo, Mama Mshauri, nilikuwa nimekunywa mabakuli mawili ya supu ya bia, kifungua kinywa chetu cha kila siku, nikashiba.

Baba yangu amekwisha kuwatangazia wateja wake wote kwamba mwanawe ni mhitimu. Mama yangu ameshona kola mpya ya kuvaa siku ya kwanza shuleni. Nami najiuliza: je, mkono unaweza kutia sahihi jambo huku moyo ukilikataa, bila mwenye mkono kuwa mwongo? Je, furaha hii niliyo nayo ni ya dhamiri safi au ni kiburi kilichovaa nguo za dhamiri? Tena, kwa kuwa sasa nimeuona mwanga, je, si wajibu wangu kuwaongoza Mama Kallweit na wanawake wenzake wa mtaa huu katika mambo yote mengine ambayo hawana elimu ya kuyapambanua?

Kwa kuwa gazeti hutoka Jumamosi na mimi nimepewa mpaka Ijumaa, nakusihi unijibu mapema kwa mkono wa mtu yeyote. Neno moja latosha: tia, au usitie. Nitafuata utakalosema.

Wako mtiifu,
Ehrenfried L., mtahiniwa

JIBU

Bwana Ehrenfried,

Barua yako ilinifikia Jumanne ileile alasiri, na nyumba yako naijua, ningeweza kukuletea jibu kwa miguu yangu kabla chai haijapoa. Sikuleta, na sikumtuma mtu. Leo ni Jumamosi, saa sita ya Ijumaa imepita, na lolote ulilolifanya na karatasi ile umelifanya bila mimi. Nikasirikie ukipenda. Mjane kama mimi, anayeendesha duka la uchapaji katika mji huu, amekwisha kukasirikiwa na watu wazito kuliko wewe.

Unajua nilivua miwani mahali gani? Si kwenye majeneza, ingawa moja kati ya yale manne nililisindikiza. Niliivua niliposoma "nitafuata utakalosema". Kijana wangu! Siku tatu tu baada ya kusimama mbele ya chuo kizima na kusema neno lako la kwanza tangu uzaliwe, unanipigia magoti mimi nikuazime la pili. Umetoka chini ya mimbari ya Profesa ukaja kusimama chini ya meza yangu, na unaniomba nikunong'oneze. Mimi sina hata pete ya kugongea.

Sasa kwa kuwa maneno yangu hayawezi tena kukuamuru, nitakuambia ninavyofikiri. Karatasi ile ni uongo, na wewe ulijua ni uongo tangu ulipokumbuka yale mabakuli mawili. Mimi nisingeitia sahihi. Lakini ni rahisi kwangu kusema, sina baba anayesubiri huko Tilsit, wala hakuna chuo duniani kinachoweza kuninyima shahada, kwa kuwa hakuna kinachompa mwanamke. Gharama ni yako. Ndiyo maana na uamuzi ni wako.

Kuhusu furaha yako, acha kuipekua kana kwamba umeiiba. Umebeba kwa miezi mingi jambo usiloliamini, ukalitua, mgongo umenyooka. Hiyo haiitwi kiburi. Kiburi kiko aya ya chini, pale unapouliza kama sasa ni wajibu wako kumwongoza Mama Kallweit "katika mambo yote mengine". Soma tena barua yako mwenyewe! Huyo mwanamke hakusoma Kilatini hata herufi moja. Alikuwa na swali, akamuuliza msomi, msomi akamtia gizani, naye hakukaa humo gizani kumsubiri. Alikwenda kuuliza kwa waliolipitia jambo lenyewe, akawasikiliza wa upande huu na wa upande ule, akaogopa, akatapika, akaamua, akaenda. Urte anaishi kwa akili ya mama yake. Ulipofika nyumbani unahema na joho la watu, kazi ilikuwa imekwisha wiki tatu kabla. Wewe ndiye mwanafunzi katika nyumba ile, na bahati yako ni kwamba mwalimu anakupikia pia.

Tena nikupunguzie mzigo mwingine, kwa kuwa naona unadhani umevunja kitu kitakatifu. Tasnifu yako ilichapwa dukani kwangu. Kilatini sikijui, lakini nimepanga herufi miaka thelathini, na vidole vyangu hukumbuka kile ambacho macho hayaelewi. Nilipofika ukurasa wa tatu vidole vikaniambia, hii tumeshaipanga. Nikashuka stoo nikatoa nakala ya miaka sita iliyopita. Mstari kwa mstari, Bwana Ehrenfried! Kilichobadilika ni ukurasa wa mbele, ambapo palikuwa na jina la kijana mwingine, na leo yeye ni mchungaji mahali fulani, ananenepa, na bila shaka hoja ya saba anaihubiri Jumapili kwa akina mama wenye watoto wachanga. Yeye naye hakuiamini, nakumbuka alivyokuwa akiitania hapa dukani. Tofauti yako na yake ni kwamba wewe uliulizwa jina la mtoto.

Wala usimchukie Profesa wako. Alikukaribisha kiti. Nafikiri yeye mwenyewe alisimama kwenye mimbari ile ya chini akiwa kijana, chini ya miguu ya mzee mwingine, na hakuna Bwana Pohl aliyesimama siku hiyo. Mtu anaweza kuzeeka hivyo bila kujua kama hoja zake ni zake.

Basi fanya haya, na uyafanye kwa mpangilio huu.

Mwandikie baba yako leo, kabla msafiri yeyote hajamfikishia kicheko cha ukumbini. Mweleze ulichoulizwa na ulichojibu, kwa maneno unayoweza kumwambia akiwa ameshika sindano na ngozi. Fundi matandiko anajua hasara ya mshono wa uongo kuliko maprofesa wako wote, maana mshono wake ukifumuka kuna mtu anaanguka kutoka kwenye farasi.

Kisha andika ukurasa mmoja juu ya hoja ya saba: unafikiri nini, kwa nini, na wapi bado hujui. Uandike kwa lugha yetu. Kama jana ulikataa kutia sahihi, anza moja kwa moja. Kama ulitia, mstari wa kwanza useme kwamba ulitia, na kwamba ulikuwa umeshiba. Itakuuma, lakini haitakuua, na sahihi moja ya uoga haimfungi mtu maisha ikiwa yuko tayari kuikana kwa sahihi ya pili. Ukimaliza, msomee Mama Kallweit. Palipo na neno litakalomfanya ainamishe kichwa na kushukuru, lifute. Kisha mpelekee Mheshimiwa Profesa nakala kwa mkono wako mwenyewe, kwa adabu, umwombe akujibu. Akijibu, nitalichapa jibu lake ubavuni mwa ukurasa wako kwa herufi za ukubwa uleule, na wasomaji wana vichwa vyao, watapima.

Naanza kupanga kurasa za gazeti lijalo Jumatano saa mbili asubuhi, na nimekuachia safu mbili wazi. Nafasi ya shule ya Kilatini siwezi kukuahidi, na anayekuahidi anakudanganya. Ila katika mji huu wapo wazazi wanaotafuta mtu wa kufundisha watoto wao ambaye anaweza kusema "sijui" bila kutafuta Kilatini cha kulifunika, na mimi huulizwa majina.

Njoo na ukurasa wako. Ukikutwa na makosa ya tahajia nitayarekebisha, hiyo ni kazi yangu. Fikra sitagusa hata moja, na mwandiko wa Profesa naujua: nikiuona hata kwenye mstari mmoja, safu zile mbili nitazijaza bei ya samaki na nyakati za ibada.

Mjane Hasenkrug